Kipupwe Kikiisha: Kazi za Shamba la Nyumbani Kabla ya Mvua za Vuli, Moshi na Arusha

Kila ifikapo Agosti maswali huwa yale yale. "Tumerudi nyumbani Kibosho, tuanze na nini?" "Baridi imeisha, nipande mahindi?" "Vifaranga wangu waliisha wote Julai, nijaribu tena lini?" Wengi wanaouliza ni familia changa zilizorudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba, kutoka Dar, wastaafu, au watu waliopata nusu eka pembeni ya Arusha na wanataka kula cha kwao. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Lishike hili kabla ya mengine: huku kwetu baridi kuisha si ruhusa ya kupanda. Baada ya kipupwe kuna wiki nyingi za ukavu, tangu katikati ya Agosti mpaka vuli inapoanguka, mara nyingi mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Kazi yote nzito iko kwenye wiki hizo kavu. Ukisubiri mvua ndipo utafute samadi, uchimbe mashimo na kuotesha miche, mvua itakukuta unahangaika, na vuli ni fupi. Januari jua linakuwa kali tena.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Jembe, panga, mundu, reki na sururu. Mkasi wa kupogolea ukipatikana ni vizuri.
- Toroli, au angalau viroba vitano vya kubebea samadi.
- Ndoo mbili za lita 20 na keni ya kumwagilia yenye matundu madogo.
- Samadi. Kama hufugi, ongea mapema na jirani mwenye ng'ombe wa ndani. Oktoba kila mtu anaitafuta, na bei hupanda.
- Majivu ya jikoni. Anza kuyahifadhi leo kwenye debe lenye kifuniko.
- Majani makavu ya migomba na mabua. Usiyachome.
- Mbegu zilizonunuliwa duka la pembejeo lenye leseni, pakiti haijafunguliwa, tarehe ya mwisho haijapita.
- Daftari. Andika tarehe ya kila kazi na ya kila mvua. Mwaka wa pili daftari hilo litakufaa kuliko maelezo ya mtu yeyote, hata haya.

Jua pia uko juu kiasi gani. Moshi mjini ni kama mita 800 hadi 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama 1,400, na vihamba vya Marangu au Machame juu vinazidi hapo. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua karibu nyuzi 6. Kwa hiyo mwenye shamba Himo, chini, akikwambia miche yake iko tayari kwa wiki tatu, na wewe uko kijiji cha Mamba, juu mlimani, wewe hesabu wiki nne au tano.

Hatua ya 1: Zungukeni shamba wote

Tafuta asubuhi moja ya Agosti mtoke familia nzima, watoto na wazee, mpite mpaka hadi mpaka. Angalieni mgomba ulioinama, mti wenye tawi kavu juu ya paa, mahali ambapo masika maji yalikata udongo, na uzio wa masale uliopasuka. Kama bibi au babu yupo, mpeni nafasi aseme. Yeye ndiye anayekumbuka maji yalipita wapi na mpaka ulikuwa wapi kabla hamjazaliwa. Isale lising'olewe bila kuuliza: kwa Wachagga ni alama ya mpaka, na ni jani la kuombea msamaha. Mgeni anayeling'oa hujikuta na kesi na jirani kabla hata hajapanda mchicha.

Hatua ya 2: Anza mboji, usizidishe tarehe 15 Agosti

Hii ndiyo kazi ya kwanza kwa sababu ndiyo inayokula muda. Mboji inahitaji kama miezi miwili na nusu hadi mitatu kuiva. Hesabu kurudi nyuma kutoka mvua za Novemba na utaona kwa nini nasisitiza tarehe.

Chagua kivuli, chini ya mringaringa au katikati ya migomba, karibu na maji. Pima upana wa mita moja na nusu. Urefu ni kadiri ya malighafi uliyonayo. Kisha panga hivi:

a) Chini kabisa weka mabua na vijiti, unene wa sentimita 15 hadi 20, hewa ipite.
b) Majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, sentimita 15.
c) Samadi, sentimita 5 hadi 10.
d) Majani mabichi. Alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayojaa kando ya barabara, inafaa sana kwa sababu inaoza upesi na ina naitrojeni nyingi.
e) Nyunyiza majivu kidogo na udongo wa juu kiganja kimoja kimoja. Mwagia maji.

Rudia b hadi e mpaka rundo lifike kifuani, kisha lifunike kwa majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu kwa mshazari hadi katikati ya rundo na ukiache humo.

Kijiti hicho ndicho kitakachokwambia hali ya ndani. Baada ya siku tano kichomoe na ukishike. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, mambo ni mazuri. Kikitoka kikavu chenye ukungu mweupe, rundo lina kiu, ongeza maji. Kikitoka baridi, kimelowa na kinanuka uvundo, maji yamezidi. Pindua rundo na uchanganye majani makavu. Mpe mtoto wa darasa la nne kazi ya kukichomoa kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari. Atalinda rundo hilo kuliko wewe.

Pindua baada ya wiki tatu, ya nje yaingie ndani, kisha pindua tena baada ya wiki tatu nyingine. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inamomonyoka, na inanukia udongo wa msituni.

*Epuka:* majani ya mikaratusi, mabaki ya nyama, na mgomba wowote uliokufa kwa mnyauko. Na usichome takataka za shamba "ili pawe pasafi". Unachokichoma ni chakula cha udongo wako, na kwenye upepo wa Septemba moto hauombi ruhusa kuvuka mpaka.

Hatua ya 3: Hudumia migomba

Kihamba ni migomba. Nyumba yenye mishare na ndizi ng'ombe zilizotunzwa haikosi mtori, na ng'ombe hakosi cha kutafuna wakati wa ukavu.

Anza na mashina ya zamani. Kila shina libaki na migomba mitatu tu: mama anayezaa, mtoto anayemfuata, na mjukuu mmoja mdogo. Mengine yaondoe kwa kuchimba, usikate juu tu, maana yatachipua tena. Wageni wengi huona huruma hapa. Wanaacha machipukizi saba au nane, kisha wanashangaa mikungu inakuwa midogo.

Kata majani yaliyokauka na kuning'inia. Mgomba uliovunwa ukate chini, uupasue na kuukatakata vipande ili uoze upesi. Gogo lililolala zima ni makazi ya fukusi wa migomba. Tandaza matandazo shambani kote, lakini yaache mbali na shina kama nusu mita, kwa sababu unyevu unaogusa shina huita fukusi hao hao. Mgomba wenye mkungu mzito utegemeze kwa mti wenye panda kabla mvua za upepo hazijafika.

Kwa migomba mipya, chimba mashimo Septemba. Kipimo cha kawaida ni sentimita 60 kwa 60, kina 60, na mita 3 kati ya shimo na shimo. Unapochimba, udongo wa juu weka upande mmoja na wa chini upande wa pili. Wa juu uchanganye na debe mbili za samadi iliyoiva au mboji, urudishe shimoni na uache upoe hadi mvua.

Chipukizi zuri la kupanda lina majani membamba yaliyochongoka na kitako kinene, na limetoka kwenye shina lenye afya. Lile lenye majani mapana likiwa bado fupi liache, ni dhaifu. Kabla ya kupanda, menya mizizi na ngozi ya kitako mpaka ibaki nyama nyeupe. Ukiona vijia vyeusi vya fukusi, kata mpaka viishe au tupa. Wakulima makini hutumbukiza kitako hicho kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu kuua minyoo fundo na mayai ya fukusi. Hesabu kwa sauti, usikisie.

*Epuka:* kuchukua chipukizi la ndizi kisukari kwa jirani bila kuangalia shamba lake. Mnyauko unaoitwa panama unakaa kwenye udongo miaka mingi na kisukari hakiuwezi. Dalili zake: majani ya chini yanaanza kuwa ya njano, yanavunjika na kuning'inia, na ukikata shina unaona mistari ya kahawia ndani. Panga lililokata mgomba huo lipitishe kwenye moto kabla halijagusa mwingine.

Hatua ya 4: Kahawa, kama ipo

Kipindi hiki buni bado zinaiva, hivyo chuma zilizo nyekundu tu na usipogoe sana mpaka umalize kuvuna. Unachoweza kufanya sasa ni kutoa maotea, matawi makavu, na buni nyeusi zilizokaukia mtini, ambazo hubeba ugonjwa wa chule buni. Kama mibuni yako ni ya babu na inasumbuliwa na chule buni na kutu ya majani kila mwaka, tembelea TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungo, Hai, uulizie miche ya aina zinazostahimili magonjwa hayo. Iulizie sasa. Novemba foleni ni ndefu.

Hatua ya 5: Panga maji

Kama kihamba chako kinapitiwa na mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, nenda kikao cha wenye mfongo na siku ya kusafisha nenda na jembe lako. Zamu ya maji haipatikani kwa kulipa tu; inapatikana kwa kuonekana. Uliza zamu yako ni siku gani na saa ngapi, na usifungue maji nje ya zamu hata kama mchicha unanyauka. Hakuna kinachovunja ujirani Uchaggani upesi kama maji.

Halafu panda juu ya paa, au mtume kijana mwenye miguu mepesi. Ondoa majani na viota kwenye mabomba ya paa, ziba matundu, osha tangi. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 6 likinyeshewa milimita 20 linatoa karibu lita 960, na ukitoa zinazopotea unabaki na kama 770. Mvua moja tu. Maji ya mwanzo kabisa ya msimu yaachie yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Kwa walio upande wa Meru, hasa Ngaramtoni, Usa River na Maji ya Chai, ninawasihi msipuuze hili. Maji mengi ya chemchemi na visima huko yana floraidi nyingi. Ndiyo inayowapa watoto meno ya kahawia, na ikizidi kwa miaka inaharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua kwenye sufuria floraidi inabaki nyingi zaidi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Kama tangi ni dogo, yatenge kwa kunywa na kupikia ya watoto walio chini ya miaka minane, maana meno ya kudumu bado yanajijenga, na mengine tumia bustanini.

Hatua ya 6: Rudisha kuku

Vifaranga wanaokufa Julai wengi wanakufa kwa baridi ya usiku. Wakati mzuri wa kuanza ni mwishoni mwa Agosti. Mlaze kuku anayeatamia na mayai 10 hadi 13, wataanguliwa baada ya siku 21, yaani katikati ya Septemba. Mvua ikija Novemba wana manyoya kamili.

Kwa anayeanza, mama kuku ndiye mlezi bora. Kama umenunua vifaranga wasio na mama, wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Zungushia ukuta wa kadibodi uliokunjwa duara usiwe na kona, tandika maranda makavu sentimita 5, ning'iniza balbu. Kisha waangalie saa nne usiku. Wakirundikana chini ya balbu, wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika na kulala kwa utulivu, nenda ukalale.

*Onyo:* usiweke jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, iwe ni cha vifaranga au mnacholala ninyi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Chanjo ya kideri usiikwepe. Ugonjwa huu hupiga sana miezi hii ya ukavu kuelekea mvua, na ukiingia bandani unaweza kumaliza wote ndani ya wiki. Chanjo ya matone ni tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila miezi mitatu. Ungana na majirani, maana chupa moja inatosha kuku wengi na ikishafunguliwa haikai. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, mbali na jua. Kuku anayeumwa tayari haponi kwa chanjo.

Mvua za kwanza zitaleta kumbikumbi, na kuku watakula mpaka matumbo yavimbe, waache. Lakini mvua hizo hizo huleta siafu. Kundi la siafu likiingia bandani usiku linamaliza vifaranga kabla hujasikia kelele. Banda liwe na miguu, kila mguu usimame kwenye kopo lenye mafuta machafu ya gari, na nyasi zisiguse sakafu ya banda.

Hatua ya 7: Kitalu cha mboga, mwanzoni mwa Oktoba

Jakaranda za Arusha na Moshi zikianza kuchanua, ndio wakati wake. Tengeneza tuta lenye upana wa mita moja ili ufikie katikati bila kulikanyaga. Changanya mboji laini, chora mistari kila sentimita 15, mwaga mbegu chache chache, funika kwa udongo mwembamba na nyasi kavu, mwagilia jioni. Miche ikichomoza tu, toa nyasi siku hiyo hiyo na uweke kichanja cha kivuli juu. Nyasi zikichelewa kuondolewa miche inarefuka, inapauka na kuanguka.

Sukuma wiki na kabichi zinahamishwa baada ya wiki nne hivi, ngogwe tano hadi sita. Mchicha sia moja kwa moja. Wiki ya mwisho punguza maji na toa kivuli kidogo kidogo. Hamisha jioni au siku ya mawingu.

Kama huu ni mwaka wako wa kwanza, ushauri wangu: achana na nyanya za kuuza. Ukavu una kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda; mvua na ukungu vina ugonjwa wa baka chelewa, na gharama za dawa zitakukatisha tamaa. Panda mnavu, mchicha, sukuma na ngogwe. Zinavumilia, na zinapata mteja sokoni Tengeru au Mbuyuni.

Hatua ya 8: Mvua ikianza

Mvua ya kwanza mara nyingi inadanganya. Inanyesha usiku mmoja, halafu jua siku kumi. Kabla ya kupanda, chimba. Udongo uwe umelowa hadi sentimita 15, na ukiufinya ushikane. Sikiliza pia utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hutolewa kabla ya msimu. Mwaka wa El Niño vuli mara nyingi huzidi, kama ilivyokuwa 1997 na 2023. Hapo mitaro ya kutolea maji ni muhimu kuliko matandazo.

Maharage ndiyo zao la vuli kwa familia, maana yanakomaa kwa miezi mitatu hivi. Lyamungo 90, Selian 97 na Jesca ni mbegu zilizotoka kwenye utafiti wa huku huku kwetu. Nafasi ni sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Palilia majani yakiwa makavu tu. Ukipita kwenye maharage yenye umande unasambaza magonjwa kwa nguo na mikono yako.

Siku hiyo hiyo panda migomba kwenye mashimo yako, kitako kizame kama sentimita 30.

Mambo yakikwama

*Mboji haijaiva na mvua imefika.* Tandaza juu ya udongo kwenye migomba, usiichimbie kwenye shimo la mche. Ikiozea humo itaunguza mizizi. Samadi mbichi ya kuku ndiyo kali zaidi.

*Miche ya kitalu inaanguka, imeoza shingoni.* Umebananisha na unamwagilia mno. Punguza miche, mwagilia asubuhi tu, na kitalu kinachofuata kiweke sehemu nyingine.

*Ng'ombe amevimba ubavu wa kushoto.* Amekula majani machanga yaliyolowa. Mwite mtaalamu wa mifugo mara moja. Akiwa njiani mwache ng'ombe asimame, miguu ya mbele iwe juu zaidi. Kuanzia hapo majani mabichi ya mvua yanyaushe nusu siku kabla ya kumpa, na uchanganye na mabua makavu.

*Kuku wametaga mwezi mzima, ghafla wameacha.* Washike usiku uwaangalie chini ya mabawa kwa tochi. Wengi utawakuta na utitiri. Safisha banda, choma maranda ya zamani, na uwawekee shimo la majivu na mchanga mkavu wajipige vumbi.

*Nimepanda maharage na mvua imekata.* Usipande tena haraka. Tandaza majani kati ya mistari, mwagilia kama una zamu, na usubiri siku kumi. Mbegu iliyo kwenye udongo mkavu hukaa. Iliyoota nusu ndiyo inayokufa. Fukua mbili tatu uone.

*Jani lina ugonjwa nisioujua.* Nenda kwa afisa ugani wa kata, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru kwa mboga na matunda. Beba jani lenyewe, bichi, kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na jani zima la kulinganisha. Plastiki inalichemsha njiani na ukifika hakuna anayeweza kulisoma.